Wiki Moja ya Baiskeli Katika Milima ya Taita: Jibu kwa Mwalimu wa Kisauni

Swali la Mwalimu, kwa ufupi, ni hili. Wako tisa, wengi wao walimu na majirani wa Kisauni, na shule zitakapofungwa mwezi wa Agosti wanataka kusafiri kwa baiskeli juma zima. Wamepanga kutoka Mombasa kwa barabara kuu hadi Voi, wapande Wundanyi, wateremke na kuendelea hadi Taveta na Ziwa Chala, kisha warudi, kwa wastani wa kilomita 80 kila siku. Mkubwa wao ana miaka 58 na mdogo wao ni kijana wa miaka 16. Baiskeli zao ni mchanganyiko: saba ni za mtumba zenye gia, na mbili ni zile nyeusi nzito za Black Mamba. Anauliza kama mpango huu unawezekana, kama baiskeli hizo zitafaa, na wafanye nini ili walio wazito wa mwendo wasiachwe nyuma.

Mwalimu, safari mnaiweza. Mpango ndio usiofaa. Nimekuwa fundi wa baiskeli mjini Mombasa kwa zaidi ya miaka ishirini, nimeongoza makundi kadhaa kwenda Taita, na kosa ninaloliona katika barua yako ni lile lile nililolifanya mimi mara ya kwanza, yaani kuipima safari kwa kilomita. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwenye barabara tambarare, ambako anayeweza kwenda kilomita 40 leo ataweza 80 akipewa muda wa kutosha na maji ya kunywa. Milimani hesabu hiyo haina maana. Huko siku hupimwa kwa mita za kupanda, kisha kwa mita za kuteremka, na hizi za pili ndizo ambazo wapangaji wa safari husahau kuzihesabu.

Nianze na barabara kuu ya Nairobi, kwa sababu hapo sina mjadala. Kutoka Mombasa hadi Voi ni takriban kilomita 150, na barabara hiyo ndiyo inayobeba malori yanayotoka bandarini kwenda bara na nchi jirani. Lori linapolipita lori jingine, mwenye baiskeli hana pa kwenda ila kwenye changarawe za kando, na kundi la watu tisa haliwezi kurukia changarawe kwa pamoja bila wawili watatu kuanguka. Isitoshe, njia hiyo huonekana tambarare ilhali inapanda polepole kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 500 pale Voi, kwa hiyo mtu hujihisi amechoka bila kuona kilichomchosha, akaanza kuilaumu baiskeli au umri wake. Mngetumia siku mbili za jua kali na moshi wa dizeli ili kufika mahali ambapo safari yenyewe ndipo inapoanzia. Kodini lori dogo au pikapu mbili, mlaze baiskeli juu ya magunia au magodoro ya zamani, upande wenye gia ukiangalia juu ili mkono wa gia usipinde, na mfike Voi siku hiyo hiyo kabla ya adhuhuri.

Taveta nayo nawashauri muiache kwa safari nyingine, tena ya gari. Kutoka Mwatate hadi Taveta ni zaidi ya kilomita 80, na sehemu ya njia hiyo inakatiza Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Lami ni nzuri, lakini tembo, nyati na simba hawaulizi kama barabara ni ya umma. Mtu aliye ndani ya gari hufunga kioo akasubiri tembo avuke; aliye juu ya baiskeli hana kioo cha kufunga. Najua Ziwa Chala ni zuri na najua walimu wa historia wangependa kukiona kilima cha Salaita palipopiganwa Februari 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, lakini mtaviona vizuri zaidi mkiwa hamna hofu.

Kinachobaki ni Milima ya Taita yenyewe, nayo inatosha wiki nzima bila kuchosha macho. Siku ya kwanza mtakapofika Voi, pandeni baiskeli kwa saa moja tu jioni, kilomita kumi au kumi na mbili, si kwa mazoezi bali kwa kuzisikiliza, kwa sababu baiskeli iliyosafirishwa juu ya lori huwa imelegea mahali fulani na ni heri kujua ukiwa mjini. Siku ya pili ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, mara tu kunapopambazuka, mwende Mwatate. Ni kama kilomita 25, na njia inapanda zaidi ya mita 200 kwa mpando mdogo usioonekana kwa macho. Kundi lenu litafika kabla ya saa tatu na nusu, jua likiwa bado lina adabu. Kuna sababu nyingine ya kusafiri asubuhi na mchana tu: nyanda za kati ya Voi na Mwatate ni mapito ya tembo, na baada ya jua kutua hapafai mtu asiye ndani ya gari.

Mkifika Mwatate, laleni Mwatate. Najua hapo mtabishana, maana itakuwa bado asubuhi, milima imesimama mbele yenu, na vijana watasema kwamba Wundanyi ni kilomita 15 tu. Kundi langu la kwanza lilibishana hivyo hivyo, na waliotaka kuendelea wakashinda. Tulianza kupanda saa tano. Saa saba tulikuwa na mtu mmoja anayetapika chini ya mgrevilea, wawili waliokuwa wakisukuma baiskeli kwa miguu, na wanne ambao walikwisha kutangulia na hawakujua lolote. Kilichotushinda siku ile ni saa tuliyoanza, wala mlima haukuwa na kosa.

Acha nikupe hesabu ili uwaonyeshe wenzako. Mwatate iko katika mwinuko wa mita 800 na kitu, Wundanyi karibu mita 1,400; tuseme mnapanda mita 550. Mtu pamoja na baiskeli na mzigo wake wakiwa kilo 90, kazi ya kuunyanyua uzito huo peke yake, bila kuhesabu upepo wala msuguano wa matairi, ni karibu kilojuli 490. Mtu wa kawaida asiyefanya mazoezi ya mashindano anaweza kudumisha nguvu ya wati 100 hivi kwa muda mrefu, na kwa nguvu hiyo mlima utamchukua si chini ya saa moja na dakika 20 za kukanyaga bila kusimama. Kwa kundi lenu, ukiongeza vituo, picha, na mnyororo utakaochomoka, hesabu saa tatu. Wastani wa mpando ni kama mita nne kwa kila mita mia, jambo ambalo si la kutisha, ila wastani huficha mengi: kuna kona ambako mwinuko ni mara mbili ya huo, na hapo ndipo gia huonyesha faida yake.

Kuhusu gia, nitasema wazi kwamba Black Mamba mbili mlizo nazo zisiende. Ni baiskeli ninayoiheshimu kuliko zote, imelisha familia nyingi za nchi hii kwa kubeba maji, makaa na abiria, na breki zake za vyuma hazikati waya kwa sababu hazina waya. Lakini mzunguko mmoja wa pedali huisukuma karibu mita tano, na hakuna namna ya kuupunguza. Baiskeli ya mlimani yenye sahani ndogo ya meno 24 mbele na ya meno 34 nyuma husonga mita moja na nusu hivi kwa mzunguko mmoja. Ukikanyaga mara 60 kwa dakika utakuwa ukienda kilomita tano na kidogo kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, na huo ndio mwendo sahihi. Asiye na gia hiyo atasimama juu ya pedali, moyo utamwenda mbio, na baada ya kona ya tatu atashuka asukume. Basi mwenye Black Mamba na aazime baiskeli nyingine.

Hizo saba za mtumba zikaguliwe moja moja. Ubaya wa mtumba ni kwamba kila baiskeli imetoka nchi yake na vipimo vyake. Katika miji midogo ya Taita utapata tyubu za inchi 26 na 28, kwa kuwa ndizo zinazotumiwa na watu wa huko, lakini mwenye gurudumu la inchi 29, au mwenye valvu ile nyembamba isiyoingia pampu ya kawaida, abebe tyubu mbili zake mwenyewe na asitegemee duka. Kundi zima libebe pampu mbili, viraka na sulusheni, mnyororo mmoja wa akiba, waya za breki na za gia, spana za ukubwa wa nati zenu, na raba za breki jozi sita. Ndiyo, sita. Nitaeleza sababu.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, na sijapata kuona mahali ambapo maneno hayo yanasimama wima kama kwenye barabara ya Wundanyi kwenda Mwatate. Zile kilojuli 490 mlizozitolea jasho wakati wa kupanda hazikupotea. Mmezihifadhi kwenye urefu wa mlima, na siku ya kushuka lazima ziende mahali. Sehemu huchukuliwa na upepo, na zilizobaki huishia kwenye breki kwa umbo la joto. Joto la kiasi hicho, lingewekwa kwenye sufuria, lingechemsha lita moja na nusu ya maji ya bomba. Sasa lifikirie limekusanyika kwenye rimu mbili nyembamba za alumini, na ndani ya kila rimu kuna tyubu iliyojaa hewa, na hewa ikipata joto hutanuka. Anayeshika breki ya nyuma mfululizo kuanzia juu hadi chini kwa sababu ya woga hupasukiwa na tairi, na hupasukiwa akiwa kwenye kona. Nilimwona rafiki yangu akipata ajali ya namna hiyo, na aliyemwokoa ni mama mmoja aliyekuwa amemwaga mchanga wa ujenzi kando ya barabara. Aliangukia mle, akavunjika mfupa wa bega badala ya shingo.

Kushuka kuna ufundi wake, nao unafundishika. Punguza mwendo kabla ya kuingia kona, si ukiwa ndani yake. Rudisha makalio nyuma ya kiti ili breki ya mbele, ambayo ndiyo yenye nguvu kubwa, isikurushe juu ya usukani. Bana breki kwa nguvu kwa muda mfupi kisha uachie rimu ipigwe na upepo, badala ya kuibembeleza bila kuiachia. Kila baada ya kilomita tatu kundi lisimame mahali palipo wazi, mtu asiguse rimu kwa kidole, angoje dakika tano zipoe. Umbali kati ya baiskeli na baiskeli uwe mkubwa, hatua thelathini au zaidi, na kusiwe na mtu wa kumpita mwenzake. Raba zikishika unyevunyevu wa ukungu zinalika upesi; jozi mpya iliyoingia Wundanyi asubuhi inaweza kufika chini imekwisha nusu, na ndiyo maana nikasema jozi sita.

Ukungu huo si jambo la mzaha mwezi wa Agosti. Upepo wa kusi unaotoka baharini hugonga milima hiyo upande wa kusini mashariki, unapanda, unapoa na kugeuka mawingu, kwa hiyo mtaondoka Mwatate kwenye jua na kuingia Wundanyi mkiwa mmelowa manyunyu. Watu wa Mombasa hawaamini baridi mpaka iwaume. Kila mmoja abebe sweta, koti la mvua, na nguo kavu ndani ya mfuko wa nailoni. Hata hivyo Agosti ni wakati mzuri, maana mvua za masika zimekwisha na za vuli hazijaanza. Mngechagua Aprili au Novemba, njia za udongo mwekundu zingekuwa kama zimepakwa sabuni.

Mkishafika Wundanyi, wekeni kambi usiku tatu mahali pamoja. Hapo mizigo inabaki chumbani, baiskeli zinakuwa nyepesi, na kila asubuhi kila mtu anachagua siku yake kulingana na magoti yake. Wenye nguvu wanaweza kwenda hadi kilele cha Vuria, chenye mita 2,208, kirefu kuliko vyote katika milima hiyo, wakimalizia kwa miguu. Wengine watazunguka Wesu na kurudi kula. Siku nyingine nendeni wote Werugha na kwenye msitu wa Ngangao, mwende taratibu, kwa sababu misitu hiyo midogo iliyobaki vileleni ina ndege wasiopatikana popote pengine duniani, kama yule kurumbiza wa Taita, na hawezi kuonekana na mtu anayehema kama mvukuto. Mtaona pia mifereji ya maji na matuta ya mboga yaliyopangwa kwenye miteremko, nanyi mtaelewa kabichi za soko la Kongowea nyingine zilitoka wapi. Mkisikia habari za mapango yenye mafuvu ya wazee wa Kidawida, msiende kuyatafuta kwa udadisi wenu. Ni mahali pa heshima, na anayetaka kupaona hupelekwa na wenyewe.

Siku ya sita teremkeni Mwatate asubuhi, ukungu ukishainuka, na mchana mpumzike au mwende hadi Bura mrudi. Siku ya saba mnarudi Voi kwa mteremko mwepesi, ingawa upepo wa kusi utakuwa usoni mwenu safari hii, na lori liwe linawangoja.

Sasa lile la walio wazito wa mwendo, ambalo naona ndilo linalokukera zaidi, na una haki. Makundi mengi huvunjika siku ya pili au ya tatu kwa sababu ndogo isiyotambuliwa. Wepesi hutangulia, hukaa kivulini, hunywa maji, hupiga soga. Mzito anapofika akiwa hoi, wao wamekwisha kupumzika, wanainuka na kusema, "Haya, twende." Kwa hiyo aliyechoka kuliko wote ndiye asiyepumzika hata mara moja tangu asubuhi, na jioni anaambiwa hana mazoezi. Dawa yake ni kanuni moja: saa ya kupumzika huanza kuhesabiwa anapofika wa mwisho. Awe na dakika zake kumi kamili, ameketi, amekunywa, ameshusha pumzi, na waliotangulia wavumilie ishirini zao. Kanuni hii wepesi huichukia siku ya kwanza na kuizoea siku ya tatu.

Kanuni ya pili inahusu njia panda. Hakuna anayeiacha njia panda mpaka amemwona kwa macho yake mtu anayemfuata, naye amwone anageuka upande gani. Simu si badala ya kanuni hii, kwa sababu kwenye mabonde mtandao hukatika. Mgawanyike watatu watatu, kila watatu wawe na mmoja mwenye pampu na mmoja anayejua kuziba pancha, na kundi la mwisho liongozwe na mtu mwenye nguvu na subira, si yule aliye dhaifu. Yule bwana wa miaka 58 nisingemweka nyuma. Ningemweka mbele kabisa aweke mwendo, kwa umri wake na kwa heshima yake, na hapo hakuna kijana atakayempita bila kuona haya. Kijana wa miaka 16 ndiye wa kuchungwa wakati wa kushuka.

Gari la kusindikiza ni jambo zuri, lakini lisiwafuate nyuma kwa mwendo wa kilomita tano, maana litaziba barabara na kuwakasirisha madereva wa matatu wanaojua kila kona kwa moyo. Litangulie, liegeshwe kituo cha mbele likiwa na maji na ndizi. Anayeshindwa kabisa ataweza pia kupanda matatu ya Wundanyi, baiskeli ikafungwa kwenye keria, na kusiwe na mtu wa kumcheka.

Chakula sitakaa nacho sana, maana mahamri na mbaazi za asubuhi, chapati na maharagwe mchana, na kimanga cha Kitaita jioni vinatosha kumvusha mtu mlima wowote. Maji ndiyo ya kuangalia. Kwenye joto la Voi mtu anayetoka jasho sana asinywe maji matupu saa zote. Changanyeni lita moja ya maji safi na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kufuta, si vya kurundika, na mnywe kidogo kidogo tangu asubuhi. Mpumziko mrefu uwe wa adhuhuri, ili wanaoswali waswali bila kuharakishwa na wanaolala walale.

Kabla ya hayo yote, majuma sita kabla ya safari, anzeni kupanda Kwale. Vukeni feri ya Likoni Jumapili alfajiri, mgeuke upande wa kulia pale Kombani, na mkanyage hadi mjini Kwale, ambako ni karibu mita 400 juu ya bahari. Fanyeni hivyo mara nne au tano, na mara mbili za mwisho mbebe mzigo ule ule mtakaobeba Taita. Kupanda huko kutawajenga miguu, lakini mimi nawatuma kwa ajili ya kurudi: mteremko wa Kwale kwenda Kombani ni mpole kuliko wa Wundanyi, na ni darasa zuri la breki. Atakayefika Kombani vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa kubana ataniambia, nami nitamrekebishia mikono ya breki iwe karibu na usukani.

Zileteni zile saba Mwembe Tayari Jumamosi yoyote kabla ya saa nne, kabla kibanda hakijajaa watu. Ya kijana ije kwanza.